Moyo wa Kujitolea Hutoka Wapi?



Katika kila parokia wako watu wanaoamka alfajiri kwenda kumwogesha mgonjwa asiye ndugu yao, wanaofundisha kwaya bila ujira, na wanaofagia kanisa wengine wangali usingizini. Wako pia walioanza kwa bidii kubwa, na baada ya miezi michache hawaonekani tena. Mgonjwa aliyezoea kusikia hodi yao kila Jumamosi husubiri, na hodi haiji. Kwa ajili ya mgonjwa huyo yatupasa kuuliza: ni nini kinachomsukuma mtu kujitolea, na ni nini kinachomfanya adumu?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini moyo wenyewe una milango mingi. Mwaka 1998 wataalamu wa elimu ya nafsi huko Marekani, E. Gil Clary na Mark Snyder pamoja na wenzao, walieleza sababu sita zinazowafanya watu wajitolee. Ya kwanza ni tunu: mtu anaamini kwamba ni wajibu kumhurumia mwenziwe. Ya pili ni hamu ya kujifunza na kuyaelewa maisha. Ya tatu ni uhusiano na watu: jirani yuko katika kundi, nasi twataka kuwa pamoja naye. Ya nne ni kazi: kijana anatafuta ujuzi utakaomfaa katika ajira. Ya tano ni kujikinga na uchungu wa ndani, kama vile upweke, au kujisikia vibaya kwa kuwa na neema ambayo wengine hawana. Ya sita ni kukua, yaani kujiona mtu mwenye thamani. Mara nyingi sababu mbili au tatu hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja.

Hapa mtu aweza kuuliza: je, mjane anayejiunga na kundi la kuwatembelea wagonjwa ili kuukimbia upweke wake, huyo anajitolea kweli, au anajitafutia yake? Tusiharakishe kumhukumu. Mwaka 1995 Snyder na mwenzake Allen Omoto walichapisha uchunguzi juu ya watu waliojitolea kuwahudumia wenye UKIMWI. Waliona kwamba sababu za kujifunza, kukua na kujithamini zilikwenda pamoja na kudumu muda mrefu zaidi katika huduma. Si vigumu kuelewa. Huruma huwasha moto, lakini moto huhitaji kuni. Anayepata rafiki, maarifa au furaha katika huduma ana kitu cha kumrudisha hata siku ile ambayo huruma imechoka.

Hata hivyo, kupokea faida ni jambo moja, na kumtoza maskini faida hiyo ni jambo jingine. Mgonjwa hakuugua ili apate kutushukuru. Tukidai sifa kutoka kwake, tunamtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa ugonjwa. Kila mmoja wetu na ajiulize: ningekwenda hata kama jina langu lisingetangazwa?

Liko fundisho jingine, nalo latugusa hata sisi mapadre. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo cha teolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa kwenye jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema. Njiani alikuwapo mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Miongoni mwa walioambiwa kwamba wamechelewa, ni 10 tu katika kila 100 waliomsaidia. Miongoni mwa wasiokuwa na haraka, walikuwa 63 katika kila 100. Kubeba moyoni mfano wa Msamaria hakukuleta tofauti kubwa; haraka ndiyo iliyoamua. Basi asiyejitolea si lazima awe na moyo wa jiwe. Yamkini hana nafasi, au macho yake yako mbali.

Darley huyo huyo na Bibb Latané walikuwa wameonyesha mwaka 1968 kwamba mashahidi wa shida wakiwa wengi, kila mmoja hudhani mwingine ataitika. Ndivyo yanavyopotea matangazo yetu. Tukisema baada ya Komunyo, "Anayeweza na aje," kila mtu humtazama jirani yake.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mwendeeni mtu nyumbani kwake na mwombeni kwa jina. Mpeni kazi inayolingana na kile anachokitafuta: kijana apate ujuzi, mpweke apate wenzake. Gaweni zamu ili mzigo usimwelemee mmoja, na mshukuruni ninyi, ili asitafute shukrani kitandani pa mgonjwa.

Nawe msikilizaji, usingoje mpaka nia yako iwe safi kama maji ya chemchemi. Nia husafishwa njiani, katika kwenda na kurudi. Punguza jambo moja katika haraka za wiki hii, ukapige hodi pale unapongojewa. Mungu awabariki.