Kwa Nini Miti Mirefu Kuliko Yote Duniani Inahitaji Ukungu

Ukitoka San Francisco kwa gari kuelekea kaskazini kupitia barabara kuu namba 101, baada ya mwendo wa saa nne hivi utafika mahali ambapo njia ndogo inachepuka. Inaitwa Avenue of the Giants. Ina urefu wa kilomita 50 tu na inafuata mto Eel. Mwenye haraka anaimaliza ndani ya saa moja. Ushauri wangu: usiwe na haraka.

Ukishaingia, jua linapotea. Ni mchana lakini unatamani kuwasha taa. Pande zote mbili za lami kuna vigogo vinene kuliko gari lako. Hii ni misekwoya ya pwani (Sequoia sempervirens), ambayo Wamarekani huiita redwood. Baadhi yake ina umri unaozidi miaka 2,000. Mrefu kuliko yote unaojulikana, Hyperion, uko kaskazini zaidi na una mita 116 hivi, yaani kama jengo la ghorofa 35. Mti mrefu zaidi uliopimwa Afrika, mkukusu wa Kilimanjaro, una mita 81.5.

Sasa jiulize: maji yanafikaje huko juu, wakati mti hauna pampu?

Jibu liko kwenye majani. Jani linapopoteza maji kama mvuke, linavuta maji mengine kupitia mirija myembamba ndani ya shina, kama unavyofyonza soda kwa mrija. Molekuli za maji hushikana, kwa hiyo zinavutana kama mnyororo kutoka mizizini. Shida ni kwamba kadiri mti unavyorefuka, uzito wa maji hayo unazidi kuvuta kuelekea chini. Ndiyo maana majani ya kileleni ni madogo kuliko ya chini: yana kiu muda wote. Mwaka 2004 watafiti walikadiria kwamba mti huu hauwezi kuzidi mita 122 hadi 130.

Na hapo kuna fumbo la pili. Majira ya joto California ni makavu, miezi inapita karibu bila mvua. Mti unakunywa nini?

Unakunywa ukungu. Maji ya bahari pwani hiyo ni baridi. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hupoa, mvuke unageuka matone madogo mno, na upepo unayasukuma hadi msituni. Majani yanayanasa, matone yanaungana, yanadondoka. Mengine jani linayafyonza moja kwa moja. Utafiti wa Todd Dawson uliochapishwa 1998 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya maji yanayoingia msituni kwa mwaka hutokana na ukungu ulionaswa na miti yenyewe. Pale ambapo hakukuwa na miti, maji ya ukungu yalikuwa pungufu sana. Kwa maneno mengine, msitu huu unajinyeshea mvua. Ukikata miti, umekata na mvua yake.

Na imekatwa kweli. Shirika la Save the Redwoods League lilianzishwa 1918 kuinunua misitu hii kabla mashoka hayajaimaliza, lakini leo imebaki takriban asilimia 5 tu ya msitu wa kale. Tena, utafiti wa 2010 ulionyesha kwamba ukungu wa kiangazi umepungua kwa karibu theluthi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hifadhi inaweza kuzuia msumeno. Ukungu haiwezi kuuwekea uzio.

Ukifika Founders Grove, egesha gari utembee. Utaona Dyerville Giant, mti wa mita 110 hivi ulioanguka 1991. Angalia shina lake: mizizi haiendi chini sana, inatambaa pembeni na kufungamana na ya majirani. Kwa hiyo baki kwenye njia, maana miguu ya wageni wengi hugandamiza udongo. Ndiyo sababu wageni walipigwa marufuku kumfuata Hyperion mwaka 2022.

Na kama siku hiyo ukungu umetanda na picha zako hazitoki vizuri, usilalamike. Miti iko mezani.