Je, Wajua? Gari la Mwingereza lenye umeme wa kinyume

Je, wajua kuwa kwenye MGB GT za mwanzo, gari la michezo la Uingereza lililotoka 1965, waya wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi? Toyota zilizojaa Kariakoo hufunga hasi. Fundi umeme akiunganisha redio ya kisasa kwa mazoea, anaiunguza. Kiwanda kilibadili mfumo huo mwishoni mwa 1967.

• Betri huioni ukifungua boneti. Ni mbili, za volti 6 kila moja, nyuma ya viti. Kuanzia 1974 ikawekwa moja ya volti 12.

• Nati nyingi ni za inchi: spana ya 7/16 au 1/2. Ile 10 ya Mjapani haikai sawasawa.

• Injini ni ya cc 1,798, yenye kabureta mbili.

• Usukani wa kulia unafaa barabara zetu, ila TRA hutoza ushuru wa ziada gari dogo kuukuu linaloingizwa nchini.

Ukitangaziwa moja inauzwa, uliza mwaka kwanza, kisha kagua kutu chini ya milango. Spea zake usizitegemee Gerezani; nyingi huagizwa Uingereza.