Umepandishwa Cheo? Sasa Kazi Yako ni Watu

Hongera! Ulikuwa fundi wa kuandika programu za kompyuta, na sasa ofisi imekupa timu uiongoze. Mshahara umepanda, ndugu wameshasikia. Lakini ngoja nikwambie, shosti, na wewe kaka: kuanzia leo kazi yako ya kwanza si kompyuta tena. Ni watu.

Wapo wanaosema mafundi hawa hawahitaji bosi. Google walijaribu! Mwaka 2002 waliondoa mameneja wa mainjinia wao. Haikufika mbali, miezi michache tu, maana watu walianza kumfuata Larry Page mwenyewe, mmoja wa waanzilishi, na madai yao ya matumizi na ugomvi wa ofisini. Baadaye kampuni hiyo ikachunguza meneja mzuri ana tabia gani, ikapata nane. Ya kwanza: awe kocha mzuri. Ujuzi wa kiufundi? Ulikuwa wa nane, mkiani kabisa.

Mimi sijui kuandika programu hata mstari mmoja, ila naongoza watu kwenye chumba cha habari, na mambo ni yaleyale.

Kaa nao mmoja mmoja. Nusu saa kila wiki, simu pembeni. Usiishie kuuliza kazi imefikia wapi, muulize nini kinamkwamisha. Aliye kimya si lazima awe na raha.

Usimnyang'anye kazi. Akichelewa, mkono utakuwasha umalizie mwenyewe usiku. Ukifanya hivyo, ataona humwamini, na kesho atakungoja tena. Mwelekeze, kisha mwachie.

Waambie wakubwa ukweli. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Wapya wanahitaji kufundishwa, na wa kuwafundisha ni walewale waliozidiwa. Kwa hiyo bosi akikwambia, "Nakupa vijana watatu, Ijumaa tumalize," mjibu kwa heshima: tupunguze kazi au tusogeze tarehe. Ukinyamaza, watakaokesha ni vijana wako, na nyumbani kuna mke, mume au mtoto anayewasubiri. Ndoa ngapi zinaanza kununiana kwa sababu ya tarehe iliyopangwa na mtu asiyejua kazi?

Usimshtukize mtu. Kazi yake hairidhishi? Mwambie mapema, faraghani, kwa mifano. Si haki ajue siku anapokabidhiwa barua.

Na kama baada ya miezi sita moyo wako bado uko kwenye programu, sema. Kampuni nyingi za teknolojia zina ngazi mbili, ya mameneja na ya mabingwa wa ufundi, na zote zinapanda. Kurudi kwenye ufundi wako si kushushwa. Aibu ni kung'ang'ania kiti huku watu wako wanaumia.