Kabla ya kununua chujio, yajue maji yako

Baadhi ya wauzaji wa mashine za kusafisha maji wana onyesho lao wanalolipenda. Wakikaribishwa sebuleni huomba glasi mbili: moja hujazwa maji ya bomba la nyumbani, nyingine maji yaliyopita kwenye mashine yao. Kisha hutumbukiza kifaa chenye vijiti vya chuma na kukichomeka kwenye umeme. Baada ya dakika chache maji ya bomba yamekuwa rangi ya matope, yana povu na makapi yanayoelea, na yale ya mashine bado ni meupe pee. "Haya ndiyo mnayowanywesha watoto," husema muuzaji, na hapo biashara imeshakwisha.

Kilichoonekana kwenye glasi ni kutu. Maji ya bomba yana madini kidogo, kama kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo hupitisha umeme. Umeme ukipita, vijiti vya chuma huliwa na mabaki yake huingia kwenye maji. Maji yaliyoondolewa madini karibu yote hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana hayabadiliki rangi. Ukitaka kumuumbua bwana huyo, tia chumvi kidogo ya kupikia kwenye glasi yake safi, halafu umwombe arudie. Itachafuka kuliko ya kwanza.

Wauzaji hao huja pia na kapimo kadogo kanakotoa namba, nako ni hivyo hivyo. Kanahesabu chumvi na madini yaliyoyeyuka, basi. Maji ya mvua yaliyoingiwa na kinyesi yanaweza kutoa namba ndogo ya kupendeza, na maji mazuri ya chemchemi yakatoa kubwa. Vimelea havihesabiwi hapo.

Nimeanza na wauzaji hawa kwa sababu familia nyingi za mijini zinataka kuachana na maji ya chupa, na zina haki, lakini zikiingia dukani kwa hofu hutoka na mashine ya kutibu tatizo ambalo hazina.

Kuhusu pesa hakuna ubishi mkubwa. Chukua familia ya watu watano, kila mmoja anakunywa lita mbili kwa siku. Kwa chupa za lita moja na nusu zinazouzwa shilingi 1,000, hizo ni chupa saba hivi, yaani shilingi 7,000 kwa siku na 210,000 kwa mwezi. Majagi makubwa ya kujaziwa hupunguza gharama hiyo sana, ila bado unalipia lori, duka na tangazo. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000. Hata ukitozwa shilingi 2,000 kwa uniti, lita zako kumi zimekugharimu shilingi 20.

Kuhusu plastiki, Tanzania ilipiga marufuku mifuko Juni 2019, chupa zikabaki. Tuwe wakweli: chupa ya maji ina bahati kuliko plastiki nyingine, kwa kuwa vijana wanaookota na kuuza kwa kilo huizoa kabla haijafika mtaroni. Lakini si zote, na mvua ya masika huonyesha zilizobaki. Halafu kuna plastiki inayoishia tumboni. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa aina tatu za maji ya chupa zinazouzwa nchini kwao, wakakuta wastani wa vipande 240,000 hivi vya plastiki kwa lita, vingi vikiwa vidogo kiasi cha kutoonekana kwa darubini za kawaida. Madhara yake mwilini bado yanachunguzwa, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba chupa ni sumu. Ila ile imani kwamba maji ya chupa hayana kitu ndani yake isipokuwa maji imepata doa.

Basi swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe hili: maji yangu yanatoka wapi, na yana nini?

Anayetumia maji ya bomba Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa anakunywa Mto Ruvu uliokwisha kusafishwa na kutiwa klorini mtamboni. Tatizo hutokea njiani. Maji ya mgawo yakikatika, msukumo kwenye bomba hushuka, na palipo na ufa uchafu wa mtaroni huingia. Yakishafika nyumbani hukaa kwenye simtanki juu ya paa, ambalo mara nyingi mfuniko wake ulipeperushwa na upepo mwaka juzi. Wengine huletewa na boza na hawajui limejazia wapi. Hapa adui ni vimelea na tope, na kwa adui huyo chujio la kauri linatosha. Kwa kawaida bei yake haifiki hata gharama ya ile familia yetu kunywa maji ya chupa kwa mwezi mmoja.

Kauri inafanyaje kazi? Udongo wa mfinyanzi huchanganywa na unga wa mbao au pumba za mpunga, hufinyangwa, halafu huchomwa kwenye tanuri kali. Pumba huungua zikaacha vitundu, na vitundu hivyo huungana kuwa njia nyembamba zinazopinda huku na huku ndani ya ukuta wa chungu. Maji hupenya polepole, kati ya lita moja na tatu kwa saa, na vimelea hunasa kwenye kona. Vyungu vingi hupakwa pia fedha, ile ya sonara, katika chembe ndogo mno; huzuia bakteria walionasa wasizaliane. Chungu cha aina hii kilibuniwa Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, na leo Uganda kuna kiwanda kinachovitengeneza kwa jina la Purifaaya. Aina nyingine, inayopatikana zaidi katika maduka yetu, ni ndoo mbili zilizopandana, ya juu ikiwa na silinda nyeupe ya kauri, ya chini ikiwa na koki. Kazi ni ileile.

Ukubwa wa tundu ndio kila kitu hapa. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Kimelea cha kipindupindu kina upana wa kama nusu mikroni. Amiba na wenzake, wakiwa ndani ya maganda yao, ni wakubwa mara nyingi zaidi. Wote hao kauri nzuri huwashika. Virusi ndio wasumbufu: kile cha rota, kinachoharisha watoto wachanga, ni kama sehemu ya kumi tu ya mikroni, na vipo vidogo kuliko hicho. Vingi hupenya. Kwa hiyo kukiwa na mlipuko mtaani, kama ule wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, au nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa, chuja kwanza kisha tia dawa ya klorini kama WaterGuard kwa kipimo cha kwenye lebo, usubiri nusu saa. Usianze na klorini kwenye maji ya tope, maana nguvu yake itamalizwa na tope kabla haijavifikia vimelea.

Shirika la Afya Duniani lina mpango, ulioanza mwaka 2014, wa kupima bidhaa hizi na kuzipa nyota. Nyota tatu kwa bakteria maana yake ni kwamba kati ya bakteria 10,000 anaweza kupita mmoja tu. Muulize muuzaji kama bidhaa yake imepimwa, na utafute alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Akianza kukueleza habari za teknolojia ya anga za juu, aga.

Mwenye kisima karibu na bahari, iwe Temeke, Zanzibar au Mombasa, ana shida tofauti. Maji yake ni ya chumvi, na kauri haigusi chumvi, kwa kuwa chumvi iliyoyeyuka si chembe inayoweza kunaswa kwenye kitundu. Visima vifupi vya mitaa yenye vyoo vya shimo huwa pia na naitreti, ambayo kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo ni hatari, maana huzuia damu yake kubeba oksijeni sawasawa. Kuchemsha hakuiondoi. Hapo ndipo zile mashine za bei mbaya ziitwazo RO zina kazi ya kweli: pampu husukuma maji kwenye utando wenye matundu madogo kiasi kwamba chumvi nyingi hubaki nyuma. Lakini kwa kila lita unayokunywa, mashine hutupa mbili, tatu au zaidi, na bila umeme imelala. Maji yanayotupwa yakingwe, yanafaa kudekia na kusafishia choo. Kuifunga mashine hii kwenye bomba la Ruvu lisilo na chumvi ni kununua trekta la kulimia bustani ya mchicha.

Halafu kuna Arusha. Kuzunguka Mlima Meru, na katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa hadi Nakuru, maji hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyofutika, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo vya eneo hilo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa. (Magadi ya kupikia maharage nayo huongeza floraidi yake, jambo ambalo wapishi wengi hawajalisikia.) Maji hayo huwa maangavu na hayana harufu. Ukiyachemsha unayaharibu zaidi, kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi hubaki katika maji machache.

Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, floraidi imekuwa ikiondolewa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Madini ya mfupa huivuta na kuishika. Dk. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini humo, alikwenda mbali zaidi: aliunganisha mchanga wa kuchujia na chembe ndogo mno zinazopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Kazi hiyo ilimpatia mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kilichonivutia kwake ni huko kuanza na maji ya mahali kabla ya kutengeneza chujio.

Kuchemsha kunaua vimelea vyote, virusi pamoja, na hakuna chujio la bei nafuu linaloweza kujigamba hivyo. Gharama yake iko jikoni. Ndoo ya lita 20 inahitaji nishati ya megajouli sita hivi kufika kutokota. Kilo ya mkaa ina kama 30, lakini jiko la kawaida hupoteza robo tatu au zaidi hewani, kwa hiyo ndoo moja hula karibu kilo nzima. Zidisha kwa mwezi, uone ni kiasi gani cha msitu kinachoishia kwenye birika.

Vichujio vya mkaa maalumu, vile vinavyofungwa kwenye mdomo wa bomba au ndani ya jagi, huondoa harufu ya klorini na kuleta ladha nzuri. Vimelea haviondoi, na mkaa uliochoka unaweza kuwa makao yao.

Ukishachagua kauri, kagua kabla ya kulipa. Gonga chungu kwa kiungo cha kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti butu. Nyumbani, kikianza kwenda polepole, kisugue kwa brashi laini na maji safi bila sabuni. Ndoo ya chini ndiyo ya kuosha kwa sabuni. Kikianza ghafla kutiririsha kuliko siku zote, usifurahi, kimepasuka. Maji yaliyochujwa yatoke kwa koki, kata na mikono ya watoto visiingie humo. Na muuzaji asipokuwa na silinda ya akiba ya kukuuzia siku hiyohiyo, nenda duka la pili.