"Ndiyo" yetu na "Yes" yao

Ndugu wasikilizaji, katika barua na simu zenu kuna swali moja linalorudi kila mara. Mnauliza: kwa nini mtu aliyekaa darasani miaka mingi akifundishwa Kiingereza bado anateleza katika mambo madogo madogo? Juma hili nitajaribu kulijibu, na nitaanza na kisa nilichokishuhudia mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kutafuta habari katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mnunuzi mmoja mgeni, asiyejua Kiswahili, alimwuliza karani kijana: "Haven't these fish been weighed?" Yaani, je, samaki hawa hawajapimwa? Kijana akajibu upesi na kwa adabu: "Yes, sir." Mgeni akaridhika, akaamuru makreti yapakiwe. Gari lilikuwa limekwishafika langoni ndipo msimamizi alipogundua kwamba samaki hawakupita kwenye mizani. Makreti yakashushwa, barafu ikawa inayeyuka juani, na kijana yule akaitwa mwongo mbele ya vibarua wenzake.

Kijana hakusema uongo. Alijibu sawasawa, isipokuwa alijibu kwa sarufi ya Kiswahili.

Katika lugha yetu, neno "ndiyo" humwambia muulizaji kuwa maneno yake ni kweli. Hawajapimwa? Ndiyo, hawajapimwa. Kiingereza hakitazami swali limeulizwaje. Hutazama jambo lenyewe. Kama samaki wamepimwa, jibu ni "yes". Kama hawajapimwa, jibu ni "no", hata muulizaji akiuliza kwa kukanusha. Wala tusione haya, maana Wajapani nao hujibu kama sisi. Lakini fikiria daktari mgeni akimwuliza mgonjwa, "Haven't you taken your medicine?" Mgonjwa hajameza kidonge hata kimoja, naye anajibu "yes". Hapo hasara si ya barafu tena.

Dawa yake ni kutoliacha jibu lisimame peke yake. Malizia sentensi: "No, they have not been weighed." Atakayesikia hivyo hawezi kukosea.

Swali la pili mnaloniuliza sana ni la "borrow" na "lend". Wengi husema "borrow me your pen", na wenye kujua hucheka. Chanzo chake ni neno letu "kuazima", ambalo hutumika pande zote mbili: mimi naazima kalamu kwako, na wewe unaniazima. Ukitaka kukumbuka, liache hilo, ushike neno la dukani. "Borrow" ni kukopa, na "lend" ni kukopesha. Hakuna mwenye duka anayechanganya hayo mawili, kwani anajua fedha inatoka mfuko upi na kuingia upi.

La tatu ni "he" na "she". Mtu anamsimulia mama yake mzazi, mara anamwita "he". Katika Kiswahili tunasema "amekuja", awe mwanamume au mwanamke. Kisukuma, Kikerewe na Kijita ni hivyo hivyo, na hata Kijaluo cha ndugu zetu wa Rorya, ambacho si cha Kibantu, hakitenganishi. Basi mtoto wa kando ya ziwa hili hufika shuleni akiwa hajawahi kulazimika kutaja jinsia ya mtu kila anapofungua kinywa. Hapo kinachohitajika ni mazoezi, fimbo haitamfundisha.

Kiingereza nacho kina mahali pake pa umaskini. Mkulima wa Misungwi ana mpunga shambani, mchele ghalani na wali mezani. Mwingereza yote huyaita "rice". Sisi tuna wewe na ninyi. Yeye ana "you" tu. Kwa hiyo kila lugha ina mahali inapogawanya na mahali inapounganisha. Makosa yetu mengi hutokea hapo ambapo mipaka ya lugha hizi mbili haikutani.

Nasema haya kwa sababu tangu 1967 watoto wetu wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika kidato cha kwanza masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwanafunzi akiteleza mara moja na darasa zima likamcheka, hunyamaza. Anaweza kunyamaza miaka minne yote, na mwalimu akadhani hajui fizikia kumbe anaogopa "he" na "she".

Ombi langu kwa walimu na wazazi ni kwamba mtoto akikosea, msiishie kumwambia "si hivyo". Mwelezeni kwa Kiswahili kosa limetoka wapi. Akishajua kwamba "ndiyo" yake na "yes" ya Mwingereza hazifanyi kazi moja, atajirekebisha mwenyewe.

Yule karani bado yuko kazini. Tulipokutana Kirumba nilimwuliza kwa mzaha, "Hawajakufukuza?" Akacheka, akanijibu sentensi nzima: "Hapana, hawajanifukuza."

Hadi juma lijalo, kwaherini.