Kibali cha Kuingia Nchini Si Kibali cha Kusoma

Familia nyingi za Garissa zina jamaa ng'ambo ya mpaka, na wengine huja kusoma huku. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi viza. Mgeni huomba idhini ya kusafiri, eTA, mtandaoni kabla ya safari. Msamaha waliopewa raia wa nchi nyingi za Afrika mwaka 2025 haukuihusu Somalia.

Lakini eTA ni ya ziara fupi tu. Anayejiunga na Chuo Kikuu cha Garissa, au chuo kingine chochote, lazima apate pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji, akiambatanisha barua ya chuo. Kulipa karo pekee hakumhalalishi.

Mkimbizi wa Dadaab anaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na huhitaji kibali cha kutoka kambini.