Chungwa halidungwi sindano ili lisioze

Wasomaji wa Lubumbashi wanauliza: kwa nini machungwa ya Afrika Kusini yanayoingilia Kasumbalesa hukaa wiki nyingi bila kuoza? Jibu linalozunguka sokoni ni kwamba yamedungwa dawa. Haiwezekani. Tundu la sindano ndilo hasa kuvu inalolingoja.

Kuvu ya kijani, Penicillium digitatum, haipenyi ganda zima. Inataka kidonda, hata mkwaruzo wa ukucha. Vifuko vya mafuta vikipasuka, harufu yake huziamsha spora za kuvu hii, ingawa mafuta hayohayo huua vijidudu vingine vingi. Seli zilizoumia humwaga haidrojeni peroksaidi ili kujilinda, lakini kuvu huizima. Zinazobaki ni mbio kati ya kuvu na ganda. Zikipata muda, seli za kandokando hujenga ukuta wa lignini, ileile inayoupa mti ugumu, na kutengeneza skoparoni, sumu ya kuzuia kuvu ambayo ganda lisilo na kidonda halina kwa kiasi cha maana. Kwenye nyuzijoto 30 hadi 36, hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 90, siku tatu hivi zinatosha ganda kushinda, maana joto hilo huilegeza kuvu. Oktoba kwetu joto laweza kufika hapo, lakini hewa ni kavu, na kidonda hukauka kabla ya kupona. Limau changa nalo lina sitrali nyingi, nayo huzuia kuvu. Likizeeka sitrali hupungua, na linaoza upesi.

Dawa ipo, ila juu ya ganda: nta, na mara nyingi imazalili, dawa ya kuzuia kuvu. Osha tunda kabla ya kulimenya.

Na wanaowabandika watu ganda lenye ukungu kwenye vidonda, eti Penicillium ni penisilini, wakome. Mwanasayansi Fleming aliigundua penisilini mwaka 1928 katika Penicillium nyingine, na aina iliyofaa viwandani ilitoka kwenye tikiti la Peoria, Marekani, mwaka 1943. Ukungu wa chungwa unaingiza uchafu kidondani, basi. Mwenye kidonda kilichovimba aende kituo cha afya leo.

Nunua yasiyokwaruzwa, yenye kikonyo. Usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki yakiwa yamelowa maji. Lililooza litoe mara moja: kuvu ya bluu, Penicillium italicum, hupita kwa kugusana hadi kwenye ganda zima. Na usikate sehemu iliyooza ukala inayobaki. Chungwa lina maji mengi, nyuzi za kuvu huwa zimeshaingia ndani zaidi ya doa unaloliona.